Sahani Iliyofudikizwa

Nyumbani kwangu sahani hazifudikizwi. Mke wangu, ambaye kwao ni kaskazini na alilelewa katika nyumba yenye maji ya bomba, amelipigania jambo hili tangu tulipooana na hajashinda. Yeye huziosha na kuzilaza kifudifudi kwenye kichanja ili zichuruzike; mimi nikipita huzigeuza, moja baada ya nyingine, mpaka zote zitazame juu. "Vumbi litaingia, Baba Zuhura," huniambia. Namjibu liingie. Watoto wetu wamekua wakidhani ni wazimu mdogo wa baba yao, kama wanaume wengine wasioweza kulala bila redio. Juzi nilikuwa nimekaa sebuleni nikasikia sahani ya bati ikiwekwa kifudifudi juu ya saruji, na sauti yake ile nzito, ya kuziba, si kama ya sahani iliyowekwa chali. Nikainuka nikaenda kuigeuza. Nikasema basi, safari hii nitaeleza, na kwa kuwa mke wangu amekwisha kuchoka kunisikiliza, nawaeleza nyinyi.

Nilizaliwa juu ya uwanda wa Makonde, katika kijiji kisicho mbali sana na Newala, na mambo haya yalitokea miaka ile ya ruksa. Neno hilo lilikuwa kinywani mwa kila mtu. Ruksa kuuza, ruksa kununua, ruksa kuvaa suruali ya mitumba iliyokwisha kupwaya kwa makalio ya Mzungu. Wanunuzi wa korosho tusiowajua walianza kupanda uwandani na malori yao, wakinunua hata uani kwa mtu. Mimi, ambaye ndiyo kwanza nilikuwa nimeanza shule, nilikuwa na ruksa yangu peke yangu, nayo ni kupumua kwa mdomo. Pua yangu ilikuwa pambo tu. Nilikula huku nahema, nilicheza huku nahema, na mdomo wangu ulikaa wazi tangu asubuhi, hata watoto wenzangu wakaniita Mla Nzi. Jina hilo halikuniumiza kama mnavyodhani, kwa sababu mara nyingi sikulisikia.

Masikio nayo yalikuwa yameziba. Niliusikia ulimwengu kama mtu aliyeingiza kichwa ndani ya mtungi. Nikitumwa chumvi naleta chungu. Nikiitwa siitiki, nisipoitwa naitika. Mwalimu wetu aliamini kwamba nina kiburi, na dawa ya kiburi aliiweka juu ya meza yake kila siku, fimbo mbichi iliyokatwa kwenye mkorosho wa shule.

Lakini kilichowatisha watu wazima kilikuwa usingizi wangu. Baada ya chakula cha mchana nililala barazani, nikikoroma kama mzee mnene, na mama yangu akaendelea kutwanga uani. Halafu pumzi ilikatika. Si kupungua, kukatika. Hapo mama aliuzuia mchi hewani asiuteremshe, akasikiliza. Majirani waliozoea kusikia mlio wa kinu chetu walijua kwamba kikinyamaza ghafla basi pumzi ya Bakari imesimama, nao waliacha walichokuwa wakifanya. Kijiji kizima upande wetu kilinyamaza kikinisubiri mimi. Kisha nilishtuka, nikavuta hewa kwa mkoromo mmoja mkubwa, na mchi ukashuka. Mimi mwenyewe sikujua lolote. Nilichokijua ni kwamba mara nyingine niliamka nikakuta nyuso zimeinama juu yangu, na hakuna hata moja iliyocheka.

Bakari ndilo jina langu, nalo nilirithi. Kaka wa pekee wa mama yangu, aliyekufa zamani, alikuwa Bakari, na kwa desturi yetu aliyekuja na jina alikuja na cheo chake. Mama akiwa na furaha aliniita kaka. Bibi yangu, mama yake mama, hakuniita mjukuu hata siku moja, aliniita mwanangu. Huyo Bakari wa kwanza sikuambiwa alikufaje. Wala sikuwahi kuonyeshwa kaburi lake, ingawa makaburi ya wengine wote wa ukoo nilionyeshwa na kufundishwa kuyapitia kwa adabu.

Siku moja baba alinichukua tukashuka uwanda hadi hospitali ya misheni, kwa kuwa alisikia kuna daktari wa masikio na pua anayekuja pale kwa zamu. Daktari alinimulika puani, akanibonyeza ulimi, akatazama masikio, kisha akazungumza na baba kwa muda mrefu. Nilimtazama midomo. Neno moja tu ndilo lililopenya mpaka ndani ya mtungi wangu: kukata. Baba alivua kofia yake, akaishika mapajani, hakuivaa tena mpaka tulipofika nyumbani.

Alichokuja kukieleza ni hiki. Nyuma ya pua yangu kulikuwa na nyama zimeota. Zimeziba njia ya hewa, na zimeziba pia njia inayopeleka hewa masikioni, ndiyo maana masikio yamejaa maji. Daktari atanilaza kwa dawa, azikate kwa kupitia mdomoni, na ayanyonye yale maji. Zikiachwa, huenda siku moja usingizini pumzi yangu itakwenda isirudi.

Kwetu mtoto ni wa upande wa mama, na mwenye kauli juu ya mwili wake ni mjomba. Mjomba wangu alikuwa amekufa. Kauli basi ilikuwa kwa Bibi, na Bibi alikataa.

Mkutano wao ungekuwa wa kuchekesha, kama ungehusu mtu mwingine. Baba, kwa heshima ya mkwe, hakuweza kukaa mahali pamoja na Bibi wala kumtazama usoni. Alikaa nje ya uzio wa nyasi, Bibi akakaa ndani akibangua korosho, na mama alisimama mlangoni kupitisha maneno ambayo kila mmoja alikwisha kuyasikia.

"Mama Bakari, mwambie mama kwamba daktari amesema ni kisu kidogo."

"Mama, mkweo anasema ni kisu kidogo."

"Nimesikia. Aliyeziba masikio ni mtoto, si mimi. Mwambie hakuna kisu kidogo."

Alikuwa na hoja yake. Kisu kimoja kilikwisha kupita kooni mwangu. Mwaka uliotangulia nilipelekwa kwa fundi wa vimeo, mzee mmoja mwenye mkono mwepesi, akanikata kile kinyama kinachoning'inia nyuma ya ulimi, ambacho kwetu hulaumiwa kwa kila kikohozi. Nilitema damu, nikapona, na kukoroma kukabaki palepale. Bibi aliuliza, kwa kupitia mama, je, hao wa hospitali wakikata nayo isiwe, watakata nini tena? Na kwa nini mama wa mtoto asiingie mle ndani aone? Baba akajibu kwamba ndiyo taratibu yao, ndugu wote hubaki nje. Bibi aliacha kubangua.

"Mwambie mama," baba akasema, sauti yake ikipanda, "mchelea mwana kulia hulia yeye."

Mama hakuyapitisha maneno hayo. Bibi aliyajibu mwenyewe, bado akiutazama uzio. "Mwambie mumeo, mimi kulia sikupewa."

Hapa inabidi niwaambie jambo ambalo mimi nililijua ukubwani, kwa kinywa cha mama yangu, maana bila hilo mtamwona Bibi ni mkaidi tu. Mjomba Bakari alikufa jandoni. Alipelekwa porini na wenzake wa rika lake, akakatwa, na kama ilivyokuwa desturi, akina mama hawakuruhusiwa kukaribia. Kila siku Bibi alipika, akapeleka chakula kwa sahani hadi mahali njia inapoishia kwa wanawake. Mwanamume mmoja alikuja kuipokea, na baadaye akairudisha tupu. "Anakula?" Bibi aliuliza. "Anakula sana." Akarudi nyumbani amefurahi, kesho yake akaongeza kitoweo. Siku ya kutoka, ngoma zinalia, watoto wamepakwa mafuta na kuvishwa nguo mpya, kila mama akapewa sahani ya mwanawe. Ya Bibi alipewa imefudikizwa. Hakuna aliyesema neno, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa taarifa yenyewe. Mtoto alikuwa amekufa siku za mwanzo kabisa, amezikwa hukohuko, na chakula kile kilikuwa kikiliwa na wengine. Na jando halililiwi. Kulia ni kuharibu furaha ya wenye watoto wazima. Bibi aliichukua sahani yake, akapita katikati ya vigelegele, akaenda nyumbani.

Mimi sikuyajua hayo. Nilichokiona ni kwamba mambo yamekaa vibaya. Baba na mama waliacha kuzungumza nikitokea. Jirani aliyekuwa akinifukuza uani kwake alinipa yai la kuchemsha, akanipangusa kamasi kwa kanga yake safi. Maneno yalinifikia vipande vipande, bila kichwa wala miguu: atakatwa, hatajua, atalala. Halafu watoto wenzangu wakaacha kuniita Mla Nzi. Nilipoona hata maadui zangu wananiita Bakari, kwa upole, nilijua nimekwisha.

Kilichomgeuza Bibi si methali. Mchana mmoja mama alikuwa ameshuka bondeni kuteka maji. Waliokulia uwandani wanajua maana yake: asubuhi huenda, alasiri hurudi, na anachokileta hupimwa kwa kikombe. Bibi alibaki nami peke yake. Nililala barazani kama kawaida, na pumzi ikakatika kama kawaida, ila safari hii haikurudi. Nakumbuka kuamka tu. Niliamka nimelowa mwili mzima, mashavu yananiwaka kwa makofi, na Bibi amenishika mabega akinitikisa, mtungi wa maji ya kunywa umelala ubavuni ukiwa mtupu. Alikuwa amenimwagia wote. Katika nyumba ile sikuwahi kuona maji yakimwagwa namna hiyo, na nililia, nikiamini nitachapwa mimi.

Jioni Bibi alitoka nje ya uzio. Alikwenda moja kwa moja hadi alipokaa baba, akasimama mbele yake, mkwe mbele ya mkwe, bila mama katikati. Baba aliinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa kifua.

"Mpeleke," Bibi alisema. "Lakini sahani yake nitaibeba mimi, naye atakula mkononi mwangu. Isipite kwa mkono wa mtu."

"Ndiyo, mama," baba aliiambia ardhi.

Tulishuka kwa lori la mnunuzi wa korosho, tumekaa juu ya magunia, baba upande huu na Bibi upande ule, mama na mimi katikati. Sikuusikia mtambo, niliuhisi kwenye meno. Kwenye mteremko breki zilitoa harufu ya kuungua na mama akaanza kusoma dua kwa midomo. Bibi hakutazama bonde wala barabara. Alikuwa ameipakata sahani ya bati, nyeupe, yenye mstari wa buluu ukingoni, ameifunga ndani ya kanga kama mtoto mchanga. Tukapita Chiungutwa, tukapita Masasi penye maduka yaliyojaa vitu vya ruksa, na mimi sikutamani hata kimoja.

Asubuhi ya kukatwa Bibi aliamka mapema, akapika uji wa mtama kwenye kibanda cha wenye wagonjwa, akaumimina kwenye sahani ile, akaja nao. Muuguzi, msichana mwenye uso mwema, alimpigia goti.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Leo hali kitu mpaka atoke."

"Anakwenda kwenye kisu na njaa?"

"Ndiyo inavyotakiwa, bibi, asije akatapika akiwa amelala. Nipe, nitamtunzia, akiamka nitampa."

Bibi hakuiachia. Mama aliniambia kwamba kwa muda kidogo waliishika wote wawili, kila mmoja upande wake, uji ukitikisika, mpaka muuguzi akacheka kwa aibu, na Bibi, ambaye hakuwahi kugombana na mtoto wa mtu, akaachia. Mlango ukafungwa. Ndani nilifunikwa uso kwa kitu chenye harufu tamu, mbaya, harufu ya mabibo yaliyochachia chini ya mkorosho, na wote waliokuwa wamesimama juu yangu wakazama.

Nje, walikaa kwenye baraza. Jua likapanda. Mama alisema Bibi alikuwa ametulia kupita kiasi, hata hakujikuna. Ndani kule, muuguzi wa yule uji aliitwa kwenye kazi nyingine. Mwenzake, ambaye hakuwa mtu wa huku kwetu, akauona uji umepoa na nzi wameuvamia, akaumwaga. Akaiosha sahani kwa maji mengi ya bomba. Sisi uwandani tuliosha sahani kwa tone la maji na majivu, tukazianika chali juani. Hazikuwa na maji ya kuchuruzika. Yeye alikuwa mtu wa maji. Alitoka barazani, akamtambua bibi mwenye mgonjwa mtoto, akamkabidhi chombo chake kwa mikono miwili, kwa adabu kamili, kifudifudi, matone yakidondoka kutoka ukingoni.

"Bibi, sahani yako hii," akasema, akageuka akarudi ndani.

Mimi wakati huo nilikuwa naamka. Mdomoni mlikuwa na ladha ya msumari, na koo lilikuwa kidonda. Lakini kilichonishangaza hakikuwa maumivu. Kulikuwa na kitu kinadondoka mahali fulani, tone, kisha tone, nami nilikuwa nalisikia. Nilisikia kiatu kikisaga mchanga sakafuni. Nilisikia nzi, mdudu ambaye nilikuwa naitwa kwa jina lake na sikuwahi kujua kwamba ana sauti. Na kabla sijamaliza kumsikiliza, kukaja kilio.

Sijawahi kusikia kingine kama kile, na nimezika watu wengi. Kilianza chini kikapanda bila kuvuta pumzi. "Bakari, mwanangu, wee! Bakari! Waliniambia unakula! Chakula chako wamekula wao!" Nililijua jina langu. Nikaijua na sauti ya Bibi, ingawa sikuwahi kuisikia ikiwa na makali yale. Nilishangaa, maana mimi sikuwa nimepelekewa chakula chochote.

Muuguzi aliyepokea uji asubuhi alifika mbio, akauliza, akaambiwa na mama kwa maneno mawili sahani ile ina maana gani. Alirudi ndani, akanibeba kama nilivyo, damu kwenye kidevu, akatoka nami barazani. Mama alininyakua. Watu waliokuwa wamejaa pale wakapumua, wengine wakaanza kucheka kwa hofu iliyoisha. Baba aliona haya, akawaambia kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mama alinisogeza mbele ya uso wa Bibi. "Mama, tazama. Mtoto huyu hapa. Mzima."

Bibi alinitazama. Alinishika mguu, akaubonyeza, akahakikisha ni mguu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Nimemwona. Niacheni nimalize."

Akaendelea kulia.

Alilia mpaka watu wakaona aibu ya kutazama. Baba alikaa chini karibu naye, akampa mgongo kama heshima inavyotaka, na hakuondoka. Mimi nilikasirika sana. Nilikuwa hai, nilikuwa jasiri, nilikuwa nasikia hata nzi, na yeye alinililia kama maiti. Alipomaliza alijifuta kwa ncha ya kanga, akaiokota sahani, akaigeuza ikatazama juu, akaomba kwa wenye wagonjwa uji mwingine uliopoa. Akanilisha kwa mkono wake, kidogo kidogo, na sikuthubutu kukataa.

Nilipona. Nilifunga mdomo, nikaanza kuitika nilipoitwa, na mwalimu akaamini kwamba viboko vyake vimeniponya kiburi. Kwa miaka mingi nilikuwa na hadithi yangu ya kujivunia. Niliisimulia shuleni na kazini, jinsi mimi peke yangu, katika watu wote ninaowajua, nilivyosikia kilio cha msiba wangu mwenyewe kwa masikio mapya. Watu walicheka, nami nilicheka nao.

Niliisimulia pia siku ya arobaini ya Bibi, mimi sasa mtu mzima mwenye ndevu, tumekaa uani kwetu baada ya dua. Wote walicheka isipokuwa mama. Alisubiri wageni wapungue, ndipo akanieleza habari za jando na sahani na chakula kilicholiwa na wengine. Nilimwambia masikini Bibi, kumbe ndiyo sababu alinililia vile.

"Wewe?" mama alisema, akanitazama kama zamani alivyonitazama nilipotumwa chumvi nikaleta chungu. "Wewe hukuliliwa hata chozi moja, kaka. Yule alikuwa Bakari."

Nikaondoka kwenda uani nyuma kunawa uso. Sahani za wageni wote wa arobaini zilikuwa zimeshaoshwa, na binti mmoja aliyetoka mjini alikuwa amezilaza kifudifudi juu ya kichanja, safu kwa safu, zinadondosha maji. Nikaanza kuzigeuza.